Simu Iliyopokewa na Mashine

Watoto wangu wameniuliza zaidi ya mara moja kwa nini simu yangu hailali. Wao, kila mmoja anapokwenda kitandani, huinyamazisha simu yake, na sioni ubaya katika hilo, kwa kuwa mwili nao una haki ya kupumzika. Yangu hukaa kando ya mto ikiwa na sauti ya juu, na msikitini tu ndiko ninakoizima. Wakiniuliza, huwajibu kwamba ni mazoea ya uzee. Jibu hilo si la uongo, ila halijakamilika. Sasa mdogo wangu ameniruhusu kuyaeleza yale yaliyomhusu yeye, nami nimeona niandike sehemu iliyobaki, wao waisome, na pengine familia nyingine zilizotawanyika mbali na vijiji vyao zione jambo ndani yake.

Nimezaliwa Nkome, ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Siku hizi Nkome imo katika Mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012. Nilipokuwa mtoto, Geita nzima ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mtu wa mbali akiisikia Geita huwaza dhahabu, lakini sisi wa Nkome tumelelewa na samaki. Kutoka kwetu ndiko mitumbwi huondoka kwenda kisiwa cha Rubondo, na malori ya samaki huondoka kwenda Nzera, Geita mjini na kwingineko. Baba alikuwa mchuuzi wa sangara. Mama, ambaye sisi watoto tulimwita Mayu kama Wasukuma wamwitavyo mama, alikuwa akianika dagaa mchangani, na fedha ya dagaa wale ndiyo iliyonilipia shule hadi nikapata kazi ya ukarani katika ofisi moja ya biashara ya samaki mjini Mwanza.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Mv Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, na mamia ya watu wakafa maji. Kazi yangu wakati huo ilikuwa ikinipeleka Bukoba mara kwa mara, na wazazi wangu walilijua hilo. Walisikia habari redioni. Hawakuwa na njia yoyote ya kuniuliza kama nilikuwa melini au la. Nami, kwa ujana wangu, sikufikiri kwamba nyumbani kuna watu wanaonihesabu miongoni mwa waliokufa, kwa kuwa nilijua fika kwamba niko hai. Niliandika barua, nikampa dereva wa lori, nayo ikafika siku ya tisa. Baba hakunigombeza. Aliniletea ujumbe kwa dereva yuleyule: nitafute namba ya simu nimpelekee.

Nilimpelekea namba ya ofisini. Nkome haikuwa na simu hata moja, na simu za mkononi, ingawa zilikwishaanza nchini tangu mwaka 1994, zilikuwa mali ya wachache wa mijini. Tukakubaliana hivi: kukitokea jambo kubwa, mdogo wangu apande lori hadi Geita mjini, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na simu dukani, apige kutoka pale. Mchana ningepokea mwenyewe. Usiku angepokea mlinzi, naye angekuja kunigongea, maana nilipanga chumba nyumba ya tatu kutoka ofisini. Baba aliiandika namba ile kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba chake, tarakimu kubwa kama za ubaoni, na kila nilipokwenda likizo niliikuta pale.

Kwa miaka miwili namba ile haikutumika, nasi tukashukuru kwa kutotumika kwake.

Mwaka 1998 makao makuu yetu ya Dar es Salaam yaliamua kuachana na faksi. Walitaka kila jioni tuwapelekee hesabu za uzito wa samaki kwa kompyuta, na kila usiku, laini zikiwa zimetulia, kompyuta yao iipigie yetu na kutuletea bei za siku inayofuata. Tulikuwa na kompyuta moja, ya kizazi kilichoitwa 486, ambayo hata wakati huo ilikuwa imekwishazeeka. Ikaletwa kadi ya modemu ichomekwe ndani yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimewahi kusoma kozi fupi ya kompyuta, kwa hiyo kazi ikawa yangu, na fundi mmoja mtu mzima akaitwa kunielekeza kwa siku mbili.

Vijana wa leo hawajawahi kuiona modemu ya aina hiyo, kwa hiyo nitaieleza. Waya wa simu ulitengenezwa ubebe sauti ya mwanadamu. Kompyuta haina sauti. Lugha yake yote ni tarakimu mbili, sifuri na moja. Modemu huzigeuza tarakimu hizo kuwa sauti, huzipitisha katika waya, na modemu ya upande wa pili huzisikia na kuzigeuza tena kuwa tarakimu. Mtu akiinua mkonga katikati ya mazungumzo hayo husikia filimbi, kisha mkwaruzo mkali kama wa bati linaloburutwa juu ya mawe. Yetu ilikuwa na uwezo wa biti 14,400 kwa sekunde, lakini kwa laini za wakati ule mara nyingi ilishuka hadi 9,600, yaani karibu herufi 960 kila sekunde. Kwetu ilikuwa ajabu: ukurasa uliojaa ulifika Dar es Salaam kwa sekunde mbili au tatu.

Siku ya kwanza ilikwisha kabla hatujapiga simu hata moja. Kadi ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kutumia mlango wa tatu wa mawasiliano, na kipanya chetu kilikuwa kwenye mlango wa kwanza. Katika kompyuta za aina ile milango hiyo miwili hutumia namba moja ya wito, yaani njia moja ya kuishtua kompyuta na kuiambia kuna jambo. Kila tulipogusa kipanya, modemu iliganda. Fundi alifungua sanduku la kompyuta, akavihamisha vibanio vidogo vilivyo juu ya kadi kwa ncha ya kisu, akaiweka kwenye mlango wa pili wenye namba yake ya wito. Hapo vyombo viwili vikaacha kugombana.

Siku ya pili tukajifunza kupiga. Amri za modemu karibu zote huanza kwa herufi AT, kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya "zingatia". Mtindo huo ulianzishwa na kampuni ya Hayes ya Marekani mwaka 1981, na watengenezaji wengine wakaufuata. Ukiandika ATD na namba, inapiga. Ukiandika ATA, inapokea. Ukiandika ATH, inakata. Modemu yetu ilikataa kupiga, ikisema haisikii mlio wa laini, hali sisi tuliusikia wazi kwenye mkonga. Fundi akasema mlio wa mtambo wetu ni mgeni kwa sikio la modemu hii, akaongeza amri ya X3 inayoiambia ipige bila kuusubiri. Kisha akabadilisha upigaji wa sauti kuwa wa midundo, ule wa simu za kuzungusha, kwa kuwa laini yetu haikuitika kwa sauti. Tukaandika msimbo wa Dar es Salaam, ambao wakati huo ulikuwa 051 na sasa ni 022, tukaweka mkato mmoja ili mashine ivute pumzi kidogo, kisha namba. Ikapiga. Ikalia filimbi, ikakwaruza, na kwenye kioo likaandikwa neno CONNECT. Meneja alitununulia soda.

Ikabaki kupokea. Modemu ina visanduku vidogo vya kumbukumbu, kila kimoja kina jina na kinahifadhi namba. Kisanduku cha kwanza, S0, huiambia isubiri milio mingapi kabla ya kupokea. Kikiwa na sifuri, haipokei kabisa, hata simu ikilia hadi asubuhi. Modemu nyingi hutoka kiwandani zikiwa hivyo: zinajua kupiga, na hazimwitikii mtu mpaka ziamriwe.

Nilikuwa nimekwishaweka vidole kwenye vibonyezo niandike moja, fundi akanizuia.

"Kijana, simu hii usiku hupokewa na nani?"

"Mlinzi, mzee."

"Yuko wapi?"

"Getini."

"Basi weka nane. Mpe muda atoke getini. Akiinua mkonga kabla ya mlio wa nane, mtu atazungumza na mtu. Asipoinua, basi huyo ni Dar es Salaam, mashine itapokea."

Nikaandika ATS0=8, na AT&W ili asisahau, kama tulivyokuwa tukisema, kana kwamba modemu ni mtu. Fundi akachukua ujira wake akaenda zake. Tangu hapo kila jioni saa 12 niliiachia kompyuta ikiwaka na kupokea, na asubuhi niliirudisha kwenye sifuri.

Baada ya wiki moja Dar es Salaam wakalalamika. Usiku mwingine wanapiga na hawapati kitu. Nilikaa na saa ya mkononi nikahesabu. Modemu yao ilikuwa imepangwa kusubiri sekunde 30 tangu kumaliza kupiga. Isiposikia mwenzake, inakata. Milio minane, pamoja na ule muda ambao modemu mbili hutumia kusalimiana, ilizidi sekunde 30. Kwa hiyo yetu ilipokea wakati yao inakata tamaa.

Dawa yake ilikuwapo, nayo haikuwa ngumu. Kuna kisanduku kingine, S7, chenye kuhifadhi muda huo wa kusubiri. Ilitosha kuwaomba Dar es Salaam waongeze namba katika upande wao. Lakini ingebidi nipige simu, nimtafute mhusika, nieleze, nisubiri ajaribu. Meneja alitaka jambo liishe siku hiyohiyo. Nikaandika ATS0=1. Usiku ule bei zilifika, na usiku uliofuata, na uliofuata. Nilipewa hongera.

Mlinzi sikumweleza chochote zaidi ya kumwambia kwamba simu ya usiku sasa inashughulikiwa na kompyuta. Nyumbani Nkome sikuwapelekea neno kabisa. Ukweli wenyewe ni kwamba sikuwakumbuka. Namba iliyoandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa baba haikunijia akilini hata mara moja wakati vidole vyangu vikiandika moja badala ya nane.

Mayu aliugua siku tatu tu. Alifariki siku ya Alhamisi alasiri, mwezi wa Septemba. Mdogo wangu, ambaye alikuwa na miaka 14, alipandishwa lori la samaki kwenda Geita akiwa na namba kwenye kipande cha karatasi.

Asubuhi ya Ijumaa nilifika ofisini, nikafungua kumbukumbu za modemu kama kawaida yangu. Zilisomeka hivi: saa 20:12, simu imelia, imepokewa, hakuna mwenzake, imekatwa. Saa 20:17, vivyo hivyo. Saa 20:31, vivyo hivyo. Saa 21:05, vivyo hivyo. Kisha saa 23:40, imelia, imepokewa, CONNECT 9600, bei zimefika salama. Nikasema moyoni kwamba laini ya Dar es Salaam jana ilikuwa mbovu mwanzoni, kisha ikatengemaa. Nilifurahi kuona mashine yangu ilivyovumilia mpaka ikafanikiwa. Nilizichapisha bei, nikaziweka mezani kwa meneja, na mchana nikaenda kuswali Ijumaa. Saa ileile, Nkome, mama yangu alikuwa akiswaliwa.

Umeme wa siku zile ulikuwa ukikatika mara kwa mara. Umeme ukikatika, kompyuta hufa, na laini hupita moja kwa moja hadi kwenye simu ya kawaida, nayo hulia kama simu nyingine yoyote. Usiku ule haukukatika. Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mlinzi naye aliniambia baadaye kwamba alisikia simu ikilia mlio mmoja na kunyamaza, mara kadhaa, akajua ndiyo hiyo kompyuta niliyomwambia.

Jumamosi, karibu na adhuhuri, dereva mmoja wa malori ya Nkome aliingia uani kwetu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama."

"Mama gani?" nikamuuliza.

Sikumbuki njia ya kwenda. Najua nilivuka kwa pantoni ya Kigongo hadi Busisi, na kwamba nilipita Sengerema na Geita, na kwamba nililala njiani. Nilifika Nkome Jumapili. Baba alikuwa ameketi mkekani na wazee wenzake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefika."

Hakuongeza neno. Nilipelekwa kaburini, nikamwombea mama dua, nikarudi. Nilipoingia chumbani kwa baba kuweka mfuko wangu niliusukuma mlango, na nyuma yake namba haikuwapo. Palikuwa na ukungu mweupe wa chaki iliyofutwa kwa kiganja.

Usiku, watu walipopungua, mdogo wangu alinieleza. Alifika dukani Geita baada ya Isha. Alipiga, ikalia mara moja tu, ikapokewa. Akasema, "Haloo, kaka," na upande wa pili ukaanza kulia kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia. Alidhani habari imekwishanifikia kwa njia nyingine na kwamba anayelia ni mimi. Akawa ananibembeleza kwenye simu, ananiambia, "Kaka, nyamaza kwanza, nikueleze," mpaka ikakatika. Alipiga tena. Mara ya tatu akaanza kuogopa. Mara ya nne mwenye duka aliuchukua mkonga akasikiliza, akasema, "Hii ni faksi, mdogo wangu. Namba hii si ya mtu." Fedha zikawa zimekwisha. Alilala barazani kwa yule mwenye duka, na alfajiri akarudi Nkome na lori la kwanza, akamwambia baba kwamba namba si ya mtu.

Basi baba aliamini kwamba miaka miwili amehifadhi namba ya uongo. Hata hivyo aliwaomba wazee wangoje hadi baada ya swala ya Ijumaa, isije ikawa nimesikia kwa njia nyingine na niko njiani. Baada ya swala hakuweza kuomba zaidi.

Nilimweleza baba kila kitu, kuanzia kadi hadi visanduku. Alisikiliza kwa makini, kama alivyokuwa akisikiliza bei ya samaki. Mwishoni aliuliza jambo moja.

"Hiyo mashine ilipopokea, ilimwambia nini mwanangu?"

"Haikumwambia kitu, baba. Ilikuwa ikimwita mashine mwenzake."

Akatikisa kichwa. "Mtoto alikaa akiibembeleza," akasema, kisha akasimama kwenda kuchukua udhu.

Niliporudi Mwanza nilifanya kile nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilipiga simu Dar es Salaam, nikamtafuta mhusika, nikamwomba aandike ATS7=90 upande wake. Alikuwa mwema, na ilimchukua dakika tano. Nikairudisha yetu kwenye nane. Nikaandika karatasi kwa herufi kubwa, nikaibandika juu ya simu: mlio wa kwanza hadi wa saba ni wa mtu, inua mkonga. Usiku huo nilingoja mpaka bei zikafika. Zilifika kama kawaida. Yaani hapakuwa na lolote lililopotea kwa kumpa mlinzi nafasi ya kutoka getini.

Shule zilipofungwa mwezi wa Desemba nilimleta mdogo wangu Mwanza. Jioni moja nilimpeleka kwenye simu ya kulipia mtaani, nikampa namba ileile, nikamwambia apige. Mlinzi alipokea katika mlio wa nne. "Haloo, ofisini hapa, nani mwenzangu?" Nilisikia sauti yake nikiwa nimesimama kando. Mdogo wangu hakumjibu. Aliuweka mkonga mahali pake polepole, akatoka nje, tukarudi nyumbani bila kuzungumza. Likizo ilipokwisha tulikwenda wote Nkome, nikamwomba baba chaki. Alinitazama nikiandika nyuma ya mlango. "Andika wazi," akasema, "macho yangu si ya zamani." Namba ile ilikaa pale hadi baba alipofariki, na kufikia wakati huo simu za mkononi zilikwishafika Nkome, nilipigiwa usiku wa manane nikapokea, nikamwahi.

Wasomaji wa kurasa hizi wamehimizwa mara nyingi kuunga udugu, na wanaolieleza hilo kwa elimu wapo, siwezi kuwaongezea. Mimi ninaweza tu kusema nilivyolikuta jambo lenyewe katika mashine. Nilipoanza kazi ile nilidhani mawasiliano ni kupiga. Siku nzima tulihangaikia kupiga, na ilipofanya kazi tukanywa soda. Kupokea nilikumaliza kwa tarakimu moja, bila kuuliza nani mwingine anayeitegemea simu ile. Na tazama: kwa Dar es Salaam simu yetu haikuwahi kufanya kazi vizuri kama wiki zile.

Leo modemu zile hazipo tena. Nyaya za baharini zilifika pwani yetu mwaka 2009, minara imesimama hadi visiwani, na tangu mwaka 2025 lipo daraja pale Kigongo na Busisi nilipovukia kwa pantoni. Hakuna kijana atakayepatwa na jambo langu kwa namna ileile. Lakini kila simu iliyomo mfukoni ina visanduku vyake, na kila mmoja wetu amekwishaviandika, pengine bila kukumbuka. Mtu amefunga namba asizozijua, kwa kuwakimbia matapeli, na ni haki yake kujilinda. Ila habari nzito za kijijini mara nyingi huja kwa namba ngeni, kwa simu ya kuazima, ya dereva, ya muuguzi, ya jirani. Tapeli akipiga, mkatie wala usimpe namba yako ya siri. Hilo hugharimu nusu dakika. Mtu mwingine amenyamazisha simu usiku kucha. Simu nyingi za kisasa humruhusu mwenyewe kuchagua namba chache zilie hata simu ikiwa kimya. Nimewakalisha watoto wangu wote watatu, kila mmoja na simu yake, tukaziweka namba za Nkome humo. Ilituchukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Na ukibadilisha namba, au ukahama kazi, au ukaamua kwamba simu fulani sasa ni ya biashara tu, kabla hujalala wajulishe nyumbani. Huenda yuko mzee aliyeiandika ile ya zamani nyuma ya mlango.

Mdogo wangu sasa ana mtumbwi wake wenye mashine na wajukuu wawili. Hunipigia kila Alhamisi baada ya Isha, tumsomee Mayu dua kwa pamoja, yeye kule na mimi huku. Kwa miaka yote hii hajawahi kuanza kuzungumza mara tu ninapopokea. Hungoja kwanza asikie ninavuta pumzi, ndipo huniamkia.